Kufundisha Chuo Kikuu Kutoka Kitandani

Nawasalimu nyote mliofika kwenye mkutano huu, wagonjwa na mnaowatunza. Nyinyi wawili mliolazwa kwenye magodoro pale mbele nawasalimu kwanza, maana najua dari ya ukumbi huu mmeshaikagua yote wakati sisi wengine tukitafuta viti. Mungu nimemshukuru tangu asubuhi. Sasa nanyi mniruhusu niegemee meza hii ninapozungumza, kwa sababu mgongo wangu bado una masharti yake.

Mwenyekiti ameniomba nieleze nilivyoanguka na nilivyoinuka. Sitamtaja mtu kwa jina. Ninaowasema wako hai, wako kazini, na wengine ni majirani zenu.

Mimi ni mwalimu. Miaka michache iliyopita nilikuwa nikifundisha katika tawi la chuo kikuu kule Meru, ingawa boma letu liko Manyatta, karibu na mji wa Embu. Juma zima nilikaa Meru, Ijumaa narudi nyumbani. Wanafunzi wangu hawakuwa vijana. Walikuwa walimu wa shule za msingi, watu wenye watoto na mashamba, wanaosomea digrii bila kuacha kazi. Shule zikifungwa walikuja chuoni tukakaa pamoja. Shule zikifunguliwa walirudi makwao, Ruiri, Runyenjes, hadi kule chini kwenye joto la Mbeere, na sisi tukawatumia masomo huko huko. Somo langu lilikuwa namna ya kufundisha hesabu.

Msimu mmoja wa mvua nilishuka shambani kukata majani ya ng'ombe. Nikajitwika mzigo, nikaanza kupanda mteremko, udongo mwekundu ukateleza chini ya kiatu. Niliangukia mgongo juu ya kisiki cha mti wa kahawa. Sikusikia maumivu mara ile. Nilisikia mvua usoni na majani yaliyonilemea kifuani. Nikaiambia mikono iyaondoe, ikatii. Nikaiambia miguu isimame. Haikutii.

Hospitalini daktari aliniambia mifupa ya mgongo imepondeka lakini mshipa wa fahamu ulio ndani yake haujakatika. “Ukilala bila kujipinda, huenda ukatembea,” alisema. “Ukijipinda, sitakuahidi kitu.” Wakanivika plasta kutoka kwapani hadi nyongani. Nilirudishwa nyumbani juu ya godoro, nyuma ya pikapu ya kiwanda cha kahawa, ambako mume wangu alikuwa karani.

Ndugu zangu, nawaambia, nilikuwa nimewahi kuhubiriwa juu ya subira, lakini sikuwa nimewahi kulala chali mchana kutwa. Dirisha langu lilitazama tangi la maji. Si mlima, si barabara, ni tangi. Mwili uliwasha ndani ya plasta mahali ambapo hata kijiti hakifiki. Wageni walikuja, wakaomba, wakakaa, halafu wakaanza kuniongelea nikiwa pale pale. “Anakula?” wanamuuliza mama mkwe. “Anakula kidogo.” “Na usingizi?” Nikawa kama mtoto mchanga au maiti. Nyinyi mnaotunza wagonjwa, hilo ningewaomba mlichukue mwende nalo nyumbani: mwulizeni mwenyewe.

Mama mkwe alihamia kwetu siku ile ile niliyoletwa. Mume wangu aliondoka alfajiri kwenda kiwandani, kwa hivyo ni yeye aliyeniosha, akanilisha, akanigeuza kila wakati daktari alioagiza ili nisipate vidonda. Aliniita mwari, yaani binti, jinsi watu wa huku wanavyomwita msichana wa nyumbani. Mikono yake ilikuwa na nguvu za kuniviringisha kama gogo bila kunipinda.

Muda ukapita, mkuu wetu wa idara akaja kunitembelea. Ni mtu mpole, anayekaa kwenye ukingo wa kiti. Alikunywa chai yote kabla ya kusema alichokuja kusema.

“Mwalimu, muhula ujao ukianza bila mtu wa somo lako, chuo kitaajiri mwingine. Mimi sitaweza kuzuia.”

“Nimelala, sijafa,” nikamwambia.

“Ndiyo sababu nimekuja. Chuo kinataka kuanza kufundisha watu wa mbali kwa mitambo ya kisasa. Wewe utafundisha ukiwa hapa hapa kitandani. Tunachagua mtambo wa kufaa, na tungependa tuanze na wewe.”

Alipoondoka nililia kwa furaha. Nilidhani nimefunguliwa mlango.

Tulianza na video. Gari la chuo lilileta mtu wa kamera na taa zake. Mama mkwe alinivisha blauzi nzuri juu ya plasta, wakaniinua kidogo kwa mito, wakaning'inizia ubao ukutani. Nilifundisha sehemu, yaani nusu, robo na ndugu zake, nikichora miduara ubaoni. Kila nilipokosea tulirudia. Jasho lilinitiririka ndani ya plasta, na walipofunga vitu vyao sikuweza hata kushukuru.

Mkanda ulionyeshwa Meru wanafunzi walipokusanyika. Katikati ya somo stima zilipotea na hazikurudi hadi jioni. Lakini hilo halikuniuma kama ujumbe aliouleta mkuu wa idara. Alikuwa amewauliza wanafunzi wamejifunza nini, na mmoja akamjibu, “Tulimwangalia mwalimu, hatukuangalia hesabu. Wengine tulilia.” Nami nilikuwa nimevumilia yale yote ili wajue kwa nini robo ni kubwa kuliko thumni, ile sehemu moja ya nane.

Tena hakuna aliyeweza kuniuliza swali. Mkanda unasema, haukusikii. Na wakirudi makwao hawana televisheni, hawana stima. Mkanda ulibaki kabatini Meru, nami nikabaki hapa.

Halafu ikaja kompyuta. Chuo kilikuwa kimepewa na wafadhili, na mkuu wa chuo alikuwa ameshawatangazia kwamba sasa walimu watafundisha kwa njia ya barua pepe. Wakati ule wengi wetu tulikuwa hatujawahi kuisikia. Laini ya simu ilivutwa kutoka sokoni kwa nguzo za mbao. Seremala akatengeneza meza ya kupita juu ya kitanda kama daraja, kompyuta ikawekwa juu yake, karibu na pua yangu. Nilikuwa na tangi dirishani, sasa nikawa na kioo usoni.

Sitaisema vibaya mashine ile. Nilijifunza kuandika nikiwa chali, kidole kimoja kimoja, na niliandika masomo mazuri. Nikayatuma Meru. Kisha nikangoja. Nilingoja maswali kama mtu anayengoja hodi. Mvua ikinyesha laini inakufa. Mvua ikikatika laini inafufuka, nafungua, hakuna kitu. Nilidhani sijui kutumia. Nilidhani wamenisahau.

Baadaye nilikuja kuelewa. Kule Meru kompyuta ya kupokelea ilikuwa moja, katika ofisi ya mkuu wa idara, nayo hufunguliwa saa za kazi. Saa hizo wanafunzi wangu walikuwa mbele ya madarasa yao, mbali na Meru. Mwalimu wa Ruiri angeacha watoto na nani ili aende mjini kuniandikia swali moja? Katibu alichapisha masomo yangu na kuyapanga vizuri kwenye faili, basi.

Lakini nisingeweza kusema. Ndugu zangu, hapo ndipo mtego ulipofungika. Wafadhili walikuja hadi Manyatta kuona mashine yao. Wakasimama mlangoni, wakapiga picha: mwanamke, plasta, kompyuta. Mmoja wao akaniuliza kama naipenda. Mkuu wa idara alinitazama, na macho yake yalikuwa yakiniomba. Nikasema ni mashine nzuri. Na kweli ilikuwa mashine nzuri. Wakaridhika, wakaenda. Nikajiona nimekuwa kitu cha kuonyeshwa. Nikisema mtambo haufai, chuo kitasema ni mimi nisiyefaa, na kazi itakwenda. Nikinyamaza, nitaendelea kufundisha faili. Mwili umefungwa kwa plasta, mdomo umefungwa kwa hofu ya kazi, na hata kugeuka siwezi mpaka mtu aje anigeuze.

Nikaacha kula. Sikuamua. Chakula kilikuwa kinakuja nami sioni haja yake. Nikawa nageuza uso kwenye ukuta, maana uso ndio pekee niliokuwa na ruhusa ya kuugeuza.

Siku moja mama mkwe alileta uji wa wimbi, nami sikumtazama. Alikaa kitandani. Hakuwa na desturi ya kukaa.

“Mwari,” alisema, “unafikiri ni wewe peke yako uliyefungwa humu?”

Nikaendelea kuutazama ukuta.

“Tangu uanguke sijafika kwa dada yangu Runyenjes. Kanisani siendi. Mbuzi wangu wanachungwa na mtu asiyewajua. Nakaa humu kwa sababu nimependa mwenyewe, sikudai. Lakini ukigeukia ukuta, naona kama nimefungwa chumba kimoja na mtu ambaye hayumo.”

Ninyi mnaotunzwa, mnalijua hilo? Mimi sikuwa nimelijua. Nilikuwa nimehesabu kuta zangu, za kwake sikuziona. Sitawadanganya kwamba nilipona siku ile. Nilikunywa uji, basi. Lakini niliunywa nikiwa nimemtazama.

Haukupita muda mrefu, dereva wa chuo akaleta bahasha. Ndani yake mlikuwa na kaseti ya kwaya, jina la kwaya limekwaruzwa, na juu yake kumeandikwa kwa kalamu: “Mwalimu, tafadhali sikiliza.” Mama mkwe akaitia kwenye redio ya mume wangu, akabonyeza.

Kwanza nilisikia upepo. Kisha viti vikiburutwa, watoto wakikohoa, ng'ombe mahali fulani nje. Halafu sauti ya mwanamke niliyemjua mara moja, mwalimu wa Ruiri, mmoja wa wanafunzi wangu. Chuoni alikaa nyuma kabisa na alikuwa haulizi kitu.

“Mwalimu, habari za kuugua,” alisema. “Sikupata njia ya kukufikia, nimeazima redio ya shemeji yangu, inarekodi. Niko darasani, darasa la nne. Nimewafundisha sehemu kama ulivyofundisha kwenye video. Nimechora ile miduara. Wanaitikia ndiyo mwalimu, halafu wanaandika makosa yale yale. Sasa sikiliza mwenyewe.”

Akamwuliza mtoto ipi ni kubwa, robo au thumni. Mtoto akajibu kwa sauti ya mtu aliye na hakika, “Thumni.”

“Kwa nini?”

“Kwa sababu ina nane. Nane ni kubwa kuliko nne.”

Darasa zima likasema ndiyo.

Nilicheka. Plasta ilinibana, mbavu zikauma, nami nikaendelea kucheka mpaka mama mkwe akanishika bega akidhani nimeshikwa na kifafa. Sikuwa nikimcheka mtoto. Mtoto alikuwa amefikiri vizuri kabisa, kwa njia yake. Nilicheka kwa sababu nilikuwa darasani. Kwa miezi yote ile hakuna aliyenionyesha kosa. Kila mtu alinionyesha huruma. Na mwalimu anaishi kwa makosa ya wanafunzi, kama daktari anavyoishi kwa homa za watu.

“Mama,” nikamwambia, “hii redio yetu nayo inarekodi?”

Tulimjibu siku hiyo hiyo. Nilimwambia mwalimu wa Ruiri aache miduara, achukue kiazi. Akikate vipande vinne mbele yao, achukue kingine kama kile akikate vinane. Kisha awaulize, ukiwa na njaa, ungependa mgawane wanne au wanane? Kaseti ikaenda na dereva hadi Meru, ikapanda na mtu hadi Ruiri. Ikarudi. Nikasikia kisu, nikasikia darasa limenyamaza, kisha yule mtoto wa kwanza akasema polepole, “Afadhali wanne.” Mtu akacheka. Mwalimu wake hakuongeza neno, aliiacha kaseti izunguke nisikie wanavyobishana wao kwa wao. Mama mkwe alisikiliza akiwa amesimama na sufuria mkononi.

Basi nikamwita mkuu wa idara. Nilimsikilizisha kaseti zote mbili. Alizisikiliza hadi mwisho, kisha akapangusa miwani.

“Ni nzuri,” alisema. “Lakini ni kaseti, mwalimu. Kila nyumba ina kaseti.”

“Ndiyo maana.”

“Mkuu wa chuo ameshasema kompyuta. Wafadhili wamesikia kompyuta. Nimwambie nini? Kwamba tumerudi kwenye redio?”

“Mwulize mkuu wa chuo, mwanafunzi wa Ruiri ataiwasha kompyuta kwa kitu gani. Kisha umwulize, mwanafunzi huyo akikwama, atanijibu kwa njia gani. Kama ana jibu, mimi nitafundisha kwa kompyuta mpaka nife.”

“Unaniweka pabaya.”

“Najua. Mimi pia niko pabaya.”

Nikaongeza nililokuwa nimeliogopa kwa muda mrefu: “Na wageni wakija tena, sitapigwa picha. Kama kwa hilo kazi itakwenda, iende.”

Mume wangu, ambaye alikuwa amesimama mlangoni, alikuja akaweka mkono wake juu ya plasta yangu, ukakaa hapo.

Mkuu wa idara alisema atajaribu muhula mmoja. Alipotoka hakunishika mkono. Baadaye nilisikia alikaripiwa sana kwa ajili yangu, tena mbele ya watu.

Msifikiri niliitupa kompyuta. Hapana. Niliitumia kuandika karatasi za mazoezi, kwa sababu hesabu haiwezi kukaa sikioni tu, lazima jicho lione. Mume wangu akipita mjini anampa dereva disketi ya kompyuta yenye karatasi hizo, pamoja na kaseti yangu, Meru wanachapisha karatasi na kunakili kaseti. Mwanafunzi anapata vyote viwili. Kwenye kaseti nasema, “Weka kidole kwenye mchoro wa juu. Sasa zima redio, ufanye hesabu, ukimaliza uniwashe.” Na upande wa pili wa kila kaseti niliuacha mtupu, ili wajaze wao na kuurudisha. Video nayo tuliipatia kazi yake. Tulipiga mikono peke yake, mikono ikikata viazi na kupanga maharagwe, tukaionyesha wakati wa likizo wakiwa wote Meru. Uso wangu hatukuuonyesha.

Mama mkwe ndiye aliyekuwa akibonyeza redio. Alimfukuza jogoo dirishani kabla hatujaanza. Nikizungumza nilimtazama yeye, na akikunja uso najua nimekwenda mbio, narudia.

Haikuwa rahisi. Kule Mbeere joto lilikunja kaseti zikawa hazizunguki. Wengine walikosa betri, wakawa wanasikiliza kwa pamoja Jumapili baada ya ibada. Wawili watatu waliacha masomo, na sikuwalaumu. Lakini sauti ziliingia. Chumba kile chenye tangi dirishani kikajaa watu. Nilisikia mabati ya madarasa yakipigwa na mvua ya Runyenjes. Nilisikia mwalimu mzima akikiri kwamba sehemu zilimshinda tangu utotoni na hajawahi kumwambia mtu. Nilikuwa bado nimefungwa, msinielewe vibaya. Plasta ilikuwa ile ile. Ila sasa kulikuwa na mtu wa kuongea naye upande wa pili wa ukuta.

Mitihani ilipofika walifanya vizuri, na kazi yangu sikunyang'anywa. Mkuu wa chuo alikaa muda bila kunisalimia, siku hizi ananisalimia. Daktari aliikata plasta, nikaona tumbo langu limekuwa jeupe na jembamba kama la mtu mwingine. Kusimama nilijifunza kwa kushika kamba mume wangu aliyoifunga kutoka mlango hadi mlango. Mguu huu wa kushoto mpaka leo unafuata nyuma.

Likizo niliyorudi Meru, yule mwalimu wa Ruiri alikaa nyuma kama kawaida yake. Nilianza somo, na kabla sijafika mbali akainua mkono akaniuliza swali gumu, mbele ya wote. Nilimwambia sijui, tutafute pamoja. Hayo ndiyo tuliyofanya mchana ule.

Nafika mwisho. Nimshukuru mume wangu, ambaye leo yuko kiwandani. Nimshukuru mkuu wa idara aliyekaripiwa kwa ajili yangu akanyamaza. Nimshukuru mwanamke wa Ruiri, ambaye hakuningoja nipone ndipo aniulize. Na ninyi mnaochagua vitu kwa ajili ya watu walio mbali au waliolala, iwe mtambo wa kufundishia, iwe kiti cha magurudumu, iwe hata chakula, ulizeni kwanza yule mtu atawajibu kwa njia gani. Kama hana njia ya kuwajibu, mmemfungia, hata kama mlichomletea ni cha thamani.

Mama mkwe wangu yumo humu. Alinikataza nisimseme, nimeshamsema. Ndiye yule mama aliyekaa kwenye kiti cha mwisho, kando ya mlango. Tangu miezi ile hakai tena ndani ndani, kanisani wala kwenye mkutano, anapenda kuwa mahali anapoona nje. Tukimaliza maombi, nawasihi msikimbilie kusalimiana pale mlangoni. Mpisheni atoke kwanza.